Mbu wa Mama Mmoja

Nimestaafu, lakini ninyi vijana wa utafiti hamniachi nikapumzika. Majuzi alikuja kwangu hapa Ushirombo binti mmoja wa chuo, mwenye adabu zake. Akanipa shikamoo, akaketi, akafungua begi na kunionyesha vichupa vyake vilivyopangwa vizuri kuliko vyombo vyangu vya kabatini. Walikuwa mbu wa utafiti wake, waliokuzwa kutoka viluwiluwi. Alitaka niangalie kama amewakausha sawasawa. Nikamwambia wamekauka vizuri sana, hongera, na umewatoa wapi? Akasema amewachota kwenye dimbwi lililo jirani na nyumba ya wageni alikofikia, maana hapo ndipo alipoona viluwiluwi wengi. Wote? Wote, mama. Nikainuka nikaenda jikoni kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Kwa hiyo ninaandika. Nimechoka kusema, maana nikisema mnatikisa kichwa na kunishukuru, kisha mnakwenda kuchota dimbwi lilelile.

Kazi yangu ilikuwa kukamata mbu. Nimewakamata kwenye majaruba ya mpunga ya Shinyanga, kwenye malambo ya ng'ombe, kwenye mashamba ya pamba, na miaka mingi zaidi kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita. Nilianza msichana, nikaacha magoti yalipogoma. Majirani zangu mpaka leo wanasema Mama Pendo alikuwa anafuga mbu serikalini. Wala sikuwa serikalini, nilikuwa nikifanya kazi ya mradi mmoja wa utafiti baada ya mwingine, na sikufuga hata mmoja. Nilikamata, nikakausha, nikapeleka mjini, na huko wataalamu wa vinasaba wakasoma kilichomo ndani yao.

Mtu asiyeijua kazi hii huniuliza cha kusoma ni nini, mbu si mbu tu. Swali hilo lilinikera nikiwa kijana na linanikera sasa nikiwa na mvi. Ndani ya kila mbu kuna habari ya ukoo wake. Ukiwachukua mbu wa kijiji hiki na wa kijiji kile, maabara inaweza kukuambia kama wanaoana au wametengana, kama ni wenyeji au wageni, na kama wamebeba usugu, yaani hali ya mwili inayowafanya wakae juu ya dawa na kuondoka wazima. Na mambo haya hayatulii. Mtu akikata msitu, mbu waliopenda kivuli wanaondoka na waliopenda jua wanaingia. Mkulima akipulizia pamba yake kisha akasafisha bomba kwenye dimbwi, viluwiluwi wanaoponea humo ndio wanaozaa kizazi kinachofuata. Ng'ombe wakihamishwa, mbu aliyekuwa akinywa damu ya ng'ombe anabisha hodi kwako. Mchimbaji akiacha shimo wazi, mvua inalijaza maji. Mwaka huu mbu wa hapa ni wale, mwaka ujao ni wengine, na wewe bado umeshika dawa ya juzi.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mzee mmoja wa Shinyanga tukimwita Bwana Ndaki. Mbu anayepumzika ukutani hukamatwa kwa bomba dogo lenye mpira, unanyonya kwa mdomo na mbu anaingia kwenye bomba. Kuna kitambaa cha wavu ndani ili usimmeze. Bwana Ndaki alitukataza kuvuta pumzi kwa nguvu kama mtu anayevuta sigara. Alitaka mnyonyo mfupi, wa ghafla, halafu kidole kinaziba tundu. Siku yangu ya kwanza niliweka mpira kwenye bomba nikasahau kitambaa. Alinitazama nikikohoa mabawa, akaniambia leo umekula mshahara wako. Hakucheka. Ndivyo alivyofundisha, na sijawahi kusahau kitambaa tena.

Hadithi ya gongo nayo mtaisimulia ninyi kwa ninyi, basi bora muisikie kwa aliyekuwepo. Tulikuwa kambini, spiriti ya kuhifadhia mbu ikaisha. Mwenzetu mmoja akaona gongo inawaka ukiiwashia kiberiti, akasema hii hapa ni spiriti. Akawajaza mbu wote humo. Gongo ina maji mengi, na maji ndiyo yanayoozesha vinasaba. Mbu walipofika mjini walikuwa wamekuwa uji, na ofisi ikapiga simu kuuliza kwa nini kisanduku cha utafiti kinanuka harusi. Spiriti ikiisha, mkaushe mbu. Weka vipunje vinavyonyonya unyevu chini ya kichupa, pamba juu yake, mbu juu ya pamba, funga. Vipunje vikibadilika rangi, vibadilishe. Ni hilo tu, na bado kila mwaka kuna mtu anayeniletea uji.

Lakini gongo na kukohoa mabawa ni mambo ya kucheka. Kilichonifanya nikimbilie jikoni ni dimbwi moja.

Kulikuwa na kambi ya wachimbaji wadogo upande wa Rwamgasa, maturubai na mabanzi, karasha zikisaga mawe tangu asubuhi. Katikati ya kambi alikuwepo mama lishe tukimwita Mama Kulwa. Alipika ubwabwa na maharage, dagaa na ugali, na chai ya tangawizi iliyonifanya nivumilie mengi. Aliishi nyuma ya mgahawa wake na binti yake Neema, aliyekuwa na mimba ya kwanza. Kulwa na Doto, pacha wake wakubwa, walikuwa wameshaolewa huko kwao Bukombe.

Asubuhi moja Mama Kulwa alinishika mkono, akanipeleka nyuma, akainua pindo la neti ya Neema. Neti haikuwa na tundu na ilikuwa ingali na dawa. Juu yake walikuwa wametulia mbu watatu wanne, wamening'iniza miguu ya nyuma kama kawaida yao.

"Angalia, Mama Pendo. Neti yenu ndiyo kitanda chao."

Nilijua anachoniambia. Wakati huo zilikuwa zimeanza kuja neti za aina nyingine, zenye dawa mbili, ya pili ikiwa ya kuvunja ule usugu. Hazikuwatosha watu wote. Zilipelekwa mahali ambapo vipimo vimeonyesha mbu sugu, na kwingine zikapelekwa neti za kawaida. Neema alikuwa amekwisha kuugua malaria mara moja na ile mimba, na zahanati ilikuwa imemwonya mama yake kwamba akiugua tena mtoto atakuwa hatarini. Kwa hiyo neti atakayolalia Neema ilitegemea mbu ambao sisi tungewapeleka mjini. Nilimwambia hivyo Mama Kulwa. Akaniambia basi kamateni vizuri.

Sasa sikilizeni jinsi tulivyokamata.

Viluwiluwi walikuwa kwenye mashimo, ambayo wachimbaji huyaita maduara. Mwanamke hasogelei duara. Wanaamini akisogea dhahabu inakimbia. Nilikuwa mtu mzima, nina watoto wanne na hadhi yangu, na bado nilisimamishwa kwenye kamba kama mwizi wa kuku. Kwa hiyo kazi ya maduara ikawa ya mwenzangu Sospeter, mwanamume wa makamo, mcheshi, fundi wa kukausha mbu kuliko mimi, na mvivu wa kutembea kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi.

Sospeter alikwenda na kata yetu nyeupe ya kuchotea. Wenye maduara walipomwona anataka kuchota maji na kuondoka nayo wakamkatalia. Maji ya duara yakitoka na mgeni, tena kwenye chombo cheupe, nyota ya duara imetoka nayo. Wakamwonyesha duara moja lililokufa, lililoachwa na wenyewe, wakamwambia chota humo mpaka uchoke. Akachota humo. Hakuchoka, kwa sababu viluwiluwi walikuwa wengi kama mchele. Siku moja, kituo kimoja, kazi imekwisha, akarudi kunywa chai. Kwenye vichupa akaandika kwamba ni mbu wa maduara ya kambi ile. Kuwa alisema uongo, hakusema. Alilipua kazi tu.

Majibu yalipokuja, kiongozi wa mradi wetu alinunulia ofisi nzima soda. Kijana msomi, mwenye haraka, na moyo mzuri. Alisema mbu wa kambi ile ni kundi la peke yake, hawafanani na mbu wa vijiji vya jirani, bila shaka machimbo yamewatenga na wenzao. Alishaanza kuwaita mbu wa dhahabu. Na kizuri zaidi, alisema, hawana usugu hata chembe. Neti za kawaida zitawatosha. Akaandika hivyo na kupeleka kunakohusika.

Mimi nilikuwa nimewaona kwa macho yangu wakipumzika juu ya neti. Nikasema hivyo. Nikaambiwa macho si kipimo. Kweli macho si kipimo, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwamba alikuwa na haki ya kunijibu hivyo.

Aliyetutoa kwenye usingizi ule ni Daktari Mushi, mtaalamu wa vinasaba aliyewasoma mbu wetu maabara. Yeye soda haikumfikia. Alirudia kuwatazama wale mbu wa dhahabu, kisha akanipigia simu mimi niliyekuwa msimamizi wa uwandani.

"Mama Pendo, hawa hawafanani kama watu wa kijiji kimoja. Wanafanana kama watoto wa tumbo moja. Mliwachota wapi?"

Nikamwita Sospeter. Akaeleza habari ya kata nyeupe na duara lililokufa bila wasiwasi wowote. Nilimuuliza kwa nini hakunieleza siku ileile. Akasema, "Dada, mbu walikuwa wamejaa pale. Ningefuata nini kwingine?"

Hapo naomba mwache simu zenu mnisikilize. Mbu jike huolewa mara moja, kwa kawaida. Akishiba damu anatafuta maji na kutaga mayai mengi kwa mpigo mmoja. Duara dogo likipata mama mmoja au wawili tu, viluwiluwi utakaowakuta humo ni ndugu, baba mmoja mama mmoja. Ukiwachota mamia, hujapata mamia ya mbu, umepata familia moja. Ni kama mtu aje kupima wakazi wa Geita mjini, aingie nyumba moja, awapime watoto wa humo, kisha atangaze kwamba watu wa Geita wote wana pua moja. Na kama yule mama na mumewe hawakubeba usugu, watoto nao hawana, na wewe unaandika kwamba kambi nzima haina. Tulikuwa tumegundua familia, tukainunulia soda.

Kiongozi wa mradi alipoelewa alisema tuanze upya. Ninamheshimu kwa hilo. Wengine wangefukia.

Nikarudi kambini kumtafuta Mzee Lubinza, aliyekuwa msemaji wa wenye maduara. Kwenye duara sikuweza kumfuata, kwa hiyo nilimsubiri kwa Mama Kulwa mpaka akaja kula. Nikampa shikamoo, akaitika. Nikamweleza habari ya neti, ya Neema, na ya mbu ndugu. Alisikiliza akitafuna polepole. Mama Kulwa akasimama nyuma yake na mwiko mkononi, na sidhani kama alikuwa na haja ya kusimama pale.

"Mayu," akasema mzee, akiniita mama kwa Kisukuma, "mbu mimi siwataki, wachukueni. Maji ndiyo hayaondoki."

Nikamuuliza, je, maji yakichotwa na vijana wake wenyewe, kwa makarai yao wenyewe, yakachujwa palepale na kurudishwa humohumo? Akafikiri. Akauliza mchujo ni wa nini. Mama Kulwa akaingia ndani akatoka na chujio lake la chai, akaliweka mezani. Ndivyo ilivyokuwa. Vijana wa kila duara wakachota kwa makarai yao, wakachuja, wakamwaga maji walikoyatoa, na kutoka kila duara Sospeter akachukua viluwiluwi wachache tu. Nilimzungusha maduara yote, mimi nikiwa nyuma ya kamba nikimwelekeza kwa kidole. Alilalamika miguu mpaka jioni, nami sikumwonea huruma.

Mimi nikachukua mbu wakubwa wa ndani, maana mbu anayeruka ametoka huku na huku, na kila mmoja huenda ana mama yake. Lakini na hapo msilipue. Usivamie banda moja ukajaza bomba. Chukua wachache hapa, wachache pale, banda kwa banda, kambi mpaka kambi. Turubai halina ukuta wa kueleweka, kwa hiyo tafuta nyuma ya mabuti, chini ya ndoo, kwenye nguo zilizotundikwa. Na bisha hodi kwanza. Nilikuwa nimepiga magoti nikinyonya mbu kwenye mguu wa suruali iliyoning'inia, kumbe mwenye suruali hajaenda kazini, amelala nyuma yake. Alifumbua macho akamkuta mama wa watu ana mpira mdomoni. Alitoka na shuka lake, na kambi nzima ikapata cha kuzungumza. Mgahawani walinipokea siku hiyo kama bibi harusi.

Daktari Mushi akawasoma mbu hao wapya. Koo nyingi, zimechanganyika vizuri na mbu wa vijiji vya jirani, na usugu umejaa. Mbu wa dhahabu hawakuwepo. Kiongozi wetu akaandika masahihisho siku hiyohiyo. Nilidhani tumemaliza.

Hapa ndipo roho yangu inapochoka kabisa. Masahihisho yalifika, ndiyo, lakini mgao ulikuwa umeshapangwa kwa maandishi ya kwanza. Tukaambiwa litaangaliwa. Tukaenda kwenye kikao. Tukaambiwa kuna kikao kingine. Wakati sisi tunavaa viatu vya ofisini na kunywa maji ya chupa, lori likaingia kambini na neti za kawaida, watu wakapiga makofi, Neema akafungiwa mpya safi, na mbu wakapata kitanda kipya. Nilipiga simu mpaka watu wakaacha kupokea namba yangu. Msiseme sikupiga.

Neti za dawa mbili zilikuja baadaye. Zilikuja kweli, na nilipanda gari nikazisindikiza mwenyewe. Tulipofika kambini kulikuwa na mbuzi wawili watatu, vipande vya turubai, jiko la Mama Kulwa limebomolewa, na maduara yamejaa maji ya mvua. Mwenye mbuzi akatuambia dhahabu imetema upande wa Masumbwe, watu wote wamekwenda huko. Machimbo ndivyo yalivyo. Watu wanahama kwa siku chache, ilhali karatasi yetu moja inachukua msimu. Dereva aliniuliza tufanye nini. Neti tulizikabidhi kijijini, nikamwomba mhusika anipe mbili, nikazisainia.

Nikamtafuta Mama Kulwa. Niliulizia Masumbwe, nikaelekezwa machimbo mapya, nikachukua bodaboda nikiwa nimekumbatia neti zangu. Nilimkuta anakaanga chapati, turubai jipya, meza zilezile. Alifurahi kuniona, akaniita kwa jina kabla sijashuka. Kando yake alikaa Neema akichambua mchele. Tumbo lilikuwa limelala.

Nilikaa, nikapewa chai. Mama Kulwa aligeuza chapati yake, na bila kuniangalia akasema mimba ilitoka kulekule Rwamgasa, homa ilimpanda wiki ile ya neti mpya, zahanati ilishindwa kuituliza. Nilimpa Neema pole, akasema ahsante, mama. Niliona hasira, na nilikuwa na watu wengi wa kuwakasirikia, lakini pale hapakuwa na hata mmoja wao. Palikuwa na wale wawili na mimi.

Nikatoa neti, nikawaeleza kwamba hizi ndizo zenye dawa mbili, ndizo zilizostahili kuja tangu mwanzo kwa ajili ya mbu wa Rwamgasa. Mama Kulwa akajifuta mikono kwenye kanga. Akaifungua moja, akaishikashika, akainusa, akamkabidhi Neema. Kisha akatazama nyuma ya turubai, kwenye mashimo mapya ambayo maji yalikuwa yameanza kukaa ndani yake.

"Na hawa wa huku," akaniuliza, "mmeshawapima?"

Nikamjibu kwamba bado.